Mke Aliyenibatiza

Kambi ya Barabara, Uyole, Mbeya
3 Februari 1957

Mama Verediana,

Kamwene. Naandika nimekaa juu ya ndoo, karatasi iko juu ya koleo, kwa hiyo ukiona mstari umepinda usinilaumu mimi, laumu koleo. Juma zima tumeponda kokoto za barabara inayoshuka Tukuyu. Nyapara anapiga filimbi hata mtu akisimama kupiga chafya. Mikono yangu bado ipo yote miwili, ila imekuwa ya mtu mwingine, mzee kuliko mimi.

Barua yako ya Noeli ilifika. Lile swali la Verediana limekwenda nami kazini kila siku. "Baba, kwa nini mama hubaki kwenye benchi wenzake wakienda kukomunika? Alifanya nini?" Mtoto wa miaka saba! Mimi kwa umri huo nilikuwa nachunga mbuzi na kula udongo.

Hukufanya kitu. Kosa ni langu. Padre alipotaka kubariki ndoa yetu nilisema ndoa ya kanisani ni ya watu wenye viatu. Haya, viatu sasa ninavyo. Na nyapara amenipa likizo mwezi wa nane. Verediana atakapopata Komunyo ya Kwanza siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, nataka na sisi tuwe tumefunga ndoa, ili siku hiyo twende mbele wote watatu.

Basi jana nilikwenda kwa Katekista Joachim anijazie fomu. Jina la mume? Liberatus Kalinga. Mke? Severina. Mmeishi pamoja miaka mingapi? Minane. Umebatizwa? Nimebatizwa, tena kwa hatari ya kufa. Na nani? Nikajibu kwa majivuno, kifua mbele: "Na mke wangu mwenyewe!"

Akaweka kalamu chini. Akavua miwani. "Liberatus," akasema, "unajua ulichosema?"

Mama Verediana, shika kitu. Kwa sheria ya Kanisa, aliyekubatiza ni mzazi wako wa kiroho. Wewe ni mama yangu. Na mtu hamwoi mama yake. Ni kizuizi cha ndoa. Mpaka Askofu atoe ruhusa, na kwa Askofu lazima ipelekwe fomu ndefu kuliko hii, yenye maelezo yote ya ubatizo na shahidi mmoja. Joachim anasema ruhusa hutolewa, ila mpaka itoke nikija likizo nikuamkie kwa heshima na nilale kwa kaka yangu.

Nilikosea kumwambia Asukile, yule Mnyakyusa ninayelala naye chumba kimoja. Yeye ni Moravian, na Wamoravian hawana huruma. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. "Kwa hiyo Verediana ni nani kwako?" akauliza. "Mwanao au mdogo wako?"

Lakini sijutii ubatizo ule. Wanafunzi wa dini huku wote wanaijua habari yangu: jinsi nilivyokuwa nakufa kwa kichomi, ukanimwagia maji, na mdomoni nikaonja utamu ambao sijauonja tena duniani. Katekista anasema ni utamu wa neema.

Niandikie upesi ulivyofanya siku ile, hatua kwa hatua, nijaze fomu.

Ni mimi mumeo, au mwanao, tutajua baadaye,
Liberatus Kalinga


Lyamasoka, Iringa
17 Februari 1957

Mwanangu Liberatus,

Kamwene, mwanangu. Umekula? Umeoga? Nasikia baridi ya Uyole inapita hata kwenye ukuta, vaa sweta.

Nimecheka peke yangu shambani mpaka mama akatoka kuangalia kama nimeumwa na nyuki. Miaka minane nakuomba usitupe shati juu ya chungu, hukusikia. Kumbe nilipaswa kuamuru. Mama hamwombi mwana. Basi naamuru: shati lifuliwe.

Sasa tuache mchezo. Nimefurahi kuhusu ndoa. Nilisoma sehemu ile mara nne. Verediana nimemwambia, na tangu hapo anatembea kijijini kama mke wa jumbe.

Ila hiyo fomu ya Askofu, usiijaze kwanza. Ngoja. Kuna haraka gani? Agosti bado iko mbali. Na ule utamu wa mdomoni, Baba Verediana, acha kuwasimulia watu. Mambo ya neema si ya kutangaza kama mnada. Nakuomba sana.

Mahindi yana kutu kidogo. Mbuzi mweupe amezaa.

Mama Verediana


Uyole
10 Machi 1957

Severina,

Sijaandika "Mama Verediana" kwa sababu nimekasirika na nataka ulione hilo mwanzoni.

"Usijaze. Ngoja. Kuna haraka gani?" Miaka sita wewe ndiye ulikuwa na haraka. Wewe ndiye uliyelia pale mlangoni kwa Padre. Leo nimenunua viatu, nimeomba likizo, nimemwambia kila mtu kambini, ndipo unaniambia ngoja? Mtu anayesema ngoja ana jambo. Nimekesha siku nne nikitafuta jambo lenyewe. Yule fundi cherehani aliyehamia karibu na misheni, yule mwenye nywele za kupasua njia, bado yuko? Jibu swali hilo peke yake kwenye mstari wake.

Asukile anasema nisiandike barua nikiwa na hasira, ila yeye hajui kusoma, kwa hiyo hatajua kama nimeandika.

Kuhusu utamu umechelewa. Jumapili iliyopita Katekista alinisimamisha mbele ya wanafunzi wote wa dini, arobaini na kitu, nitoe ushuhuda. Nilisema hivi: "Nilikuwa nimekwisha kufa nusu. Maji yakanifikia mdomoni, yakawa matamu kama asali changa. Nikajua Mungu yupo." Mama mmoja mzee, Tusekile, alilia. Wengine walipiga vigelegele. Mimi mponda kokoto, nimepigiwa vigelegele!

Na fomu nimeshaanza. Pale pa shahidi nimeandika jina la mama yako, maana alikuwepo siku ile. Padre wa huko atamwita aape juu ya msalaba kwamba alisikia na kuona. Na wewe pia utaapa.

Kama hunitaki sema. Ila usimfiche mtu aliye mbali. Aliye mbali hana cha kutazama ila barua.

Liberatus


Lyamasoka
24 Machi 1957

Baba Verediana,

Fundi cherehani ana miaka sitini na meno matatu. Huo ndio mstari wake.

Sasa kaa. Si juu ya ndoo, kaa mahali pazuri. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata Padre, na ukishasoma ndipo utajua kwa nini nilisema ngoja.

Unakumbuka ilikuwa Machi, mvua haikatiki. Ulikuwa na kichomi siku ya tano. Mchana ule ukaacha kunijibu. Macho yakageuka. Mama alikuwa nje ukutani, maana hawezi kuingia alipolala mkwewe. Alipiga kelele, "Anakwenda! Mbatize!" Sista alitufundisha kwamba kwenye hatari mtu yeyote anaweza kubatiza, hata mwanamke, mradi awe na maji na maneno. Maneno nilikuwa nayo. Nikanyoosha mkono nyuma ya mlango nikachukua kibuyu, nikakumwagia usoni mara tatu, nikasema yote bila kukosea: "Liberatus, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Ndipo harufu ikanifikia.

Ulikuwa ulanzi, Baba Verediana. Ulanzi wa mama, pombe ya mianzi, uliogemwa asubuhi ile, bado mtamu. Alinyoosha mkono kutoka nje akauweka nyuma ya mlango wetu, usipate mvua, karibu na kibuyu cha maji. Vilifanana.

Ukalamba midomo. Ukafungua macho. Ukasema, "Ongeza."

Mama nje akapiga vigelegele. Alidhani unaomba neema. Majirani wakaja. Jioni ile homa ikashuka, na mimi nimesimama na kibuyu, nimekuwa mtakatifu wa kijiji kizima. Kesho yake Padre akaja na kitabu chake. Akaniuliza, "Ulimwaga na kusema maneno?" Nikajibu, "Nilimwaga, Padre, na maneno nilisema yote." Sikusema uongo. Nilisema ukweli ukiwa na tobo katikati.

Nilitaka kusema siku ya pili. Lakini ulikuwa umekaa juani, umejifunga shuka, unamwambia kila anayepita, "Mimi ni Liberatus." Ulikuwa na furaha kama mtu aliyepewa shamba. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa miaka sita. Mama mpaka leo hasemi na kaka yako, anaamini yeye ndiye aliyekunywa ulanzi wake.

Basi kuapa juu ya msalaba siwezi. Ndoa nimeitaka miaka yote, ila sitaki kuipata kwa kiapo cha uongo. Nimekuambia wewe kwanza kabla ya Padre, kwa sababu ubatizo ulikuwa wako. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi. Si Mungu aliyekosea kibuyu nyuma ya mlango.

Severina


Parokiani, Mbeya
12 Aprili 1957

Kwa Bi. Severina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Joachim, Katekista, mwenye dhamana ya wanafunzi wa dini wa upande wa Uyole. Mumeo aliniletea barua yako, akaiweka juu ya meza yangu, akaondoka bila kuaga.

Suala hili halimo katika vitabu nilivyonavyo. Mafuta yamo. Mate yamo. Ulanzi haumo. Nililipeleka kwa Padre. Padre alisoma kwa makini, kisha akaomba udhuru akaenda nyuma ya sakristia, ambako nilimsikia akicheka kwa muda usiofaa wakati wa Kwaresima. Aliporudi alitoa hukumu: ulanzi si maji. Ubatizo haukuwapo. Kwa hiyo wewe si mama yake wa kiroho, na kizuizi kimekwisha.

Lakini mama, kila mlango ukifunguka mwingine hufungwa. Mumeo ni mpagani. Naandika neno hilo kwa masikitiko, kwani ndiye aliyekuwa mfano wangu wa neema. Itampasa aketi benchi la wanafunzi pamoja na wale aliowatolea ushuhuda, ajifunze na aulizwe maswali kama wao. Akifaulu, Padre yuko tayari kumbatiza Pentekoste. Asipokuja, hakuna ubatizo, na hakuna ndoa Agosti.

Hajaja. Ni majuma mawili sasa. Nilimfuata kambini, akajificha nyuma ya lori la kokoto. Miguu yake niliiona.

Tafadhali mwandikie. Mimi ameapa hatanisikiliza, kwa sababu nilimwambia ule utamu ni neema.

Katika Kristo,
Joachim, Katekista


Lyamasoka
28 Aprili 1957

Baba Verediana,

Nasikia unajificha nyuma ya malori. Mtu mrefu kama wewe!

Najua ni aibu. Mimi nimekwenda kwa Padre wetu, nimesema yote. Jumapili nikasimama mbele ya akina mama wa kanisa nikayarudia, maana wao ndio walioniita mtakatifu. Nilidhani nitakufa. Sikufa. Mama ameenda kwa kaka yako na kuku wa kumwomba radhi, na kaka yako amemla.

Nitakuambia jambo moja tu. Siku ile sikufikiri habari ya Padre wala kitabu chake. Nilifikiri: huyu akienda hivi, mimi nitafika huko mbele nimtafute, nisimwone. Ndiyo maana mkono wangu haukutazama kibuyu. Ulikuwa na haraka ya kukupata.

Sitakulazimisha. Si mama yako tena, siwezi kuamuru. Lakini Verediana amejifunza maswali yote ya Komunyo kwa moyo, na kila jioni ananiuliza kama baba naye anajifunza. Namjibu ndiyo. Sipendi kusema uongo mwingine. Nisaidie.

Severina wako


Uyole
11 Juni 1957

Mama Verediana,

Kamwene sana.

Barua yako niliisoma nyuma ya lori. Nilikaa na hasira siku tatu nyingine, kwa heshima ya hasira yenyewe, isionekane ilikuwa ya bure. Siku ya nne Asukile akaniambia: "Rafiki, mimi nimezaliwa kanisani, nimebatizwa mchanga, na mke wangu hajawahi kunikimbilia na kibuyu cha kitu chochote. Hata cha sumu." Nikaona nimeshindwa.

Nikaenda. Katekista akanionyesha nafasi yangu, katikati ya vitoto viwili vinavyopenga kamasi. Magoti yangu yalifika kidevuni. Kabla hajaanza nikainua mkono, nikaomba kusema. Nikawaambia wote: ule utamu niliowasimulia, ulikuwa ulanzi. Nikaeleza kila kitu, hata ile "ongeza". Nikasema moyoni, sasa kokoto zitarushwa. Ndipo yule mama mzee Tusekile akasimama, akamgeukia Katekista: "Mwalimu, sisi wengine hatuwezi kupata ule wa kwanza?" Darasa likavunjika. Joachim aligonga meza mpaka mguu ukatoka.

Baadaye mama huyo huyo alinifuata nje. Akasema: "Mimi siku ile nililia kwa wivu. Nilidhani nisipoonja utamu nitakuwa sijabatizwa vizuri. Leo nitalala, mzigo umeshuka." Nimewaza sana maneno hayo nikiponda mawe. Labda nilikuwa nawatwisha watu kitu kizito bila kujua.

Padre aliniuliza maswali kumi na tano. Nilijibu kumi na nne. La kumi na tano lilikuwa, "Mke ni nani kwa mumewe?" Majibu ya kitabu yakanitoroka. Nikasema, "Ni mtu anayeogopa kukukosa mbinguni." Padre akaandika kitu. Katekista anasema jibu la kitabu ni refu zaidi, lakini Padre alinipa alama.

Nimebatizwa juzi, Pentekoste. Nilisubiri utamu kidogo, siwezi kukudanganya. Hakuna. Yalikuwa maji ya Mbeya ya mwezi wa sita. Yameingia shingoni yakashuka mpaka kwenye soksi, nami nikatetemeka kama mbuzi. Padre aliniuliza nataka jina gani, maana nilikuwa huru kuchagua upya. Joachim alinipendekezea manne, yote ya Mapapa. Nikasema Liberatus. Hilo nililopewa na aliyekuwa na haraka ya kunipata.

Padre amemwandikia Padre wa huko matangazo ya ndoa yasomwe. Msimamizi wangu alikuwa Joachim. Kwa hiyo sasa mzazi wangu wa kiroho ni yeye, na sina hamu yoyote ya kumwoa.

Mumeo, hapana, mchumba wako,
Liberatus


Lyamasoka
22 Julai 1957

Baba Verediana,

Jumapili matangazo yetu yamesomwa mara ya pili. Ya kwanza yalipita salama. Ya pili, nisikilize.

Padre alisoma: "Liberatus Kalinga wa Lyamasoka anataka kufunga ndoa na Severina wa hapa hapa. Anayejua kizuizi chochote, anapaswa kusema." Mimi nimeinamisha kichwa kama msichana.

Verediana akasimama juu ya benchi. "Padre, mimi najua."

Nilimvuta gauni, likachanika. Hakukaa. Akasema kwa sauti ile yako: "Hawa wameshaoana zamani. Mimi ndiye mtoto wao."

Baba Verediana, kanisa lilianguka kwa kicheko. Wazee wa upande wa wanaume walikuwa wanafuta machozi kwa kofia. Mama yangu alijifunika kanga kichwa kizima. Padre alishika mimbari kwa mikono miwili, akasubiri, kisha akasema, "Asante, binti. Ndiyo maana tunafanya haraka. Kaa chini."

Nje alinijia analia. Alidhani ameiharibu ndoa. Nikamwambia haikuharibika. Akafuta pua, akafikiri, akauliza, "Basi mkishafunga ndoa, mimi nitakuwa mtoto wa nani?"

"Wa hao hao," nikamwambia. "Ila sasa kwa maandishi."

Akaridhika, akaenda kuwaambia wenzake.

Gauni lake nimelishona. Langu nimelimaliza, ni jeupe, na wanaonicheka waje wacheke siku yenyewe, chakula kitakuwepo. Padre anakungoja siku mbili kabla, uungame. Basi usichelewe, usije na vumbi la kokoto, na usije na mafundisho mapya ya Asukile. Nimekuwa mchumba wako miaka minane, mwenye mtoto wa miaka saba. Inatosha.

Severina